Bata Aliyevalishwa Suruali

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Disney iliilalamikia Marvel, wachapishaji wa katuni wa Marekani, kwa sababu ya bata. Jina lake Howard, bata mwenye hasira za karibu na sigara mdomoni, asiye na hata chembe ya utoto wa Donald, bata wa Disney. Disney iliona wamefanana mno. Marvel ikakubali yaishe: Howard akachorwa upya, na humo akavalishwa suruali.

Bata huyo ndiye aliyenijia kichwani Agosti 31, 2009, Disney ilipotangaza kwamba inainunua Marvel yote kwa takriban dola bilioni 4, pamoja na wahusika wake zaidi ya 5,000. Kama bata wa jirani alivalishwa suruali, hawa walio mali yao sasa watafanywaje?

Mimi nilizijua katuni hizi kwa mlango wa nyuma. Zilikuwa vitabu vya mtumba vilivyotandazwa juu ya gunia kando ya barabara, vingi vimeng'oka jalada. Hadithi ilikatika shujaa akiwa ananing'inia ukingoni, na toleo linalofuata hukulipata maisha yako yote. Ilibidi umalizie mwenyewe, usiku, kitandani. Ndiyo maana siwezi kuwacheka watu wazima waliokosa usingizi kwa ajili ya biashara ya wanahisa wa Marekani. Mhusika uliyemmalizia hadithi kichwani mwako kwa miaka mingi, unaposikia ameuzwa, unashtuka kama mtu aliyesikia nyumba ya babu yake imepata mnunuzi.

Hofu kubwa ya wakati ule ilikuwa kwamba kila kitu kitafanywa cha watoto. Picha za Wolverine, shujaa wa Marvel mwenye makucha, akiwa na masikio ya Mickey, panya wa Disney, zilizagaa. Watu walimwogopea hasa Punisher, yule anayewawinda wahalifu kwa bunduki, na chapa ya MAX ambayo Marvel iliianzisha mwaka 2001 kwa wasomaji wazima, mwaka uleule ilipojitoa katika kanuni ya zamani ya kujichuja iliyoitwa Comics Code. Walidhani Disney ingefika na kifutio.

Haikufika nacho. Baada ya mauzo kukamilika, Jason Aaron aliendelea kumwandika Punisher wa MAX kwa ukatili uleule. Miaka kumi na mitano baadaye, filamu ya Deadpool, shujaa mwingine wa Marvel, ya 2024, iliyojaa damu na matusi, ilitoka kwa kampuni hiyohiyo ya Mickey. Bob Iger, aliyekuwa akiiongoza Disney, alikuwa ameshainunua Pixar, studio ya filamu za vibonzo, mwaka 2006 na kuiacha iendelee na kazi yake, na Marvel nayo aliiacha na watu wake.

Ukweli mwingine niuseme mapema. Marvel haikuwa bikira wa soko siku hiyo. Desemba 1996 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Katika miaka ya shida iliuza haki za filamu kwa yeyote mwenye fedha: Spider-Man akaenda studio ya Sony, X-Men wakaenda studio ya Fox. Mwaka 2005, ili ipate mkopo wa dola milioni 525 wa kutengeneza filamu zake yenyewe, iliweka rehani haki za filamu za mashujaa wake kadhaa, Black Panther akiwemo. Mikopo ya namna hiyo tunaijua. Filamu zingeanguka, Black Panther angechukuliwa kama cherehani ya mtu aliyeshindwa kulipa.

Kwa hiyo waliosema mwaka 2009 kwamba Marvel safi inamezwa na mfanyabiashara walikosea. Lakini hofu yenyewe haikuwa ya bure. Ilikuwa ya kweli, ila iliangalia suruali ikamsahau fundi.

Tazama yaliyotokea baadaye. Aprili 2015 mfululizo wa katuni za Fantastic Four, kundi la mashujaa wanne, ulisimamishwa. Huu ndio mfululizo wa 1961 uliofungua zama za Marvel tunayoijua, na ukakosekana kwa zaidi ya miaka mitatu. Mashabiki wengi waliamini sababu ni kwamba haki za filamu zake zilikuwa kwa Fox, na Marvel haikutaka kumpigia mshindani debe. Desemba 2017 Disney ikatangaza kuinunua Fox. Mwezi Machi uliofuata ukatangazwa urejeo wa Fantastic Four, na Agosti 2018 wakawa madukani. Sidhani ni bahati tu. Na kinachoniuma hapo ni kwamba hakuna mwandishi aliyeishiwa na hadithi wala msomaji aliyechoka. Hadithi ikawa mateka wa ugomvi wa mezani kwa wakubwa.

Au chukua Star Wars, hadithi ya vita vya angani iliyoanzia kwenye filamu. Tangu 1991 katuni zake zilichapishwa na kampuni nyingine, Dark Horse, na watu walikua nazo. Disney ikainunua Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, mwaka 2012, na kufika 2015 katuni hizo zikahamia Marvel. Kabla ya hapo, Aprili 2014, ilitangazwa kwamba riwaya na katuni zote za zamani zitaitwa Legends, yaani hazihesabiki tena katika historia rasmi. Vitabu havikuchomwa, bado unaweza kuvinunua. Ila aliyewafuata watoto wa mashujaa wake Han Solo na Leia kwa zaidi ya miaka ishirini aliambiwa kwa tangazo moja kwamba watoto wale hawakuzaliwa. Naelewa kwa nini ilifanyika, maana filamu mpya zilihitaji nafasi. Hata hivyo nisingependa kuwa mtu wa kuipeleka taarifa hiyo.

Upande wa DC, mshindani wa Marvel mwenye Superman na Batman, mambo ni mabaya zaidi, na huko mwenye mali hakuwa mgeni hata kidogo. DC imekuwa chini ya wakubwa wa Warner tangu mwisho wa miaka ya 1960. Kwa miongo mingi waliiacha ipumue, na humo ikazaliwa chapa ya Vertigo mwaka 1993, chini ya mhariri Karen Berger, nyumba ya katuni bora za watu wazima kuliko zote Marekani kwa maoni yangu. Mwaka 2018 AT&T, kampuni ya simu, ikainunua Time Warner. Mwaka uliofuata kufungwa kwa Vertigo kukatangazwa. Agosti 2020 DC ikapunguza wafanyakazi, na mhariri mkuu akawa miongoni mwa walioondoka. Sisemi kila kitu kilitokana na ununuzi ule, kwa sababu Vertigo ilikuwa imedhoofika tayari, na Berger mwenyewe aliondoka mwaka 2013. Nasema tu kwamba shabiki akiulizwa aogope nini, aogope mwenye mali wa tatu au wa nne, yule ambaye katuni kwake ni mstari mmoja katika jedwali refu la hesabu.

Sisi wa Kiswahili tuna sababu yetu wenyewe ya kulielewa jambo hili. Disney ilisajili "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara kwenye nguo nchini Marekani, na mwaka 2018 watu wakalipinga mtandaoni kwa maelfu. Wanasheria walieleza kwamba usajili huo haumzuii mtu kuyatamka maneno. Ni kweli, kisheria haumzuii. Lakini maneno ambayo bibi yangu aliyasema akiondoa sufuria jikoni yameandikwa katika daftari la mtu mwingine, na bibi yangu hakuulizwa.

Hapo narudi kwa bata. Mmoja wa waliombuni Howard ni mwandishi Steve Gerber, na kumbe Gerber hakumiliki hata unyoya wake. Aliishtaki Marvel akidai bata ni wake. Kesi inakula fedha, hivyo mwaka 1982 ikachapishwa katuni ya Destroyer Duck ili kumchangia gharama, na aliyeichora, bila kudai malipo, alikuwa Jack Kirby. Kesi iliishia kwa mapatano, na bata akabaki Marvel.

Kirby naye alikuwa na kidonda chake. Ndiye aliyeshirikiana na Stan Lee, mwandishi na mhariri wa Marvel, kuwabuni Fantastic Four, Hulk, Thor na X-Men, akalipwa kwa ukurasa. Alifariki mwaka 1994. Wiki chache baada ya tangazo la 2009, watoto wake walituma notisi 45 kwa Marvel, Disney na studio nyingine, wakitaka kurudisha haki za kazi ya baba yao. Mahakama iliwakatalia mwaka 2011, na ya rufaa mwaka 2013. Septemba 2014, siku chache kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijaamua kama itaisikiliza kesi, pande mbili zikapatana, na masharti hayakutangazwa.

Wakati sisi mashabiki tukigombana kuhusu masikio ya Mickey, kesi hiyo ilikuwa ikiendelea kwa miaka mitano, na wachache sana tuliifuatilia. Mimi niliisoma habari yake nikiwa nimechelewa, na niliona aibu. Nilikuwa nimeyajua majina ya maadui wote wa Hulk kabla sijalijua la mtu aliyemchora.

Mwaka 2017 Disney ilimtunuku Kirby heshima ya Disney Legend. Ni heshima anayostahili, na nilifurahi kuiona. Ilifika miaka 23 baada ya kufa kwake.