Kabla ya kufunga balozi, wahesabuni walioko Beirut

Kila msimu wa bajeti Nairobi, na zaidi tangu vijana wajae barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, kuna pendekezo ambalo halikosi msemaji: punguzeni balozi. Lina mvuto wake. Mwananchi ukimwuliza ubalozi ni nini, atakutajia jumba lenye bendera, gari la namba za kidiplomasia, sherehe ya Jamhuri Dei yenye wageni wa suti, na mwanasiasa aliyebwagwa kwenye uchaguzi akatafutiwa pa kupumzikia. Muuza mitumba wa Kongowea ananufaika na lipi hapo?

Sitaki kuipita hoja hii juujuu, kwa sababu wanaoitoa hawakuiokota tu. Oktoba 2010 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Moses Wetang'ula, alikaa kando kupisha uchunguzi wa ununuzi wa jengo la ubalozi mjini Tokyo, baada ya kamati ya Bunge kudai kwamba Kenya ilipoteza Sh1.1 bilioni. Alikana kufanya kosa, na mwaka uliofuata akarejea wizarani. Lakini neno Tokyo lilibaki, na hadi leo wizara ikiomba pesa za jengo ng'ambo kuna mtu atalitaja. Wala si Wakenya pekee wenye kinyongo hiki. Julai 2021 Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, aliwaambia wabunge wake kwamba kati ya balozi zao zipatazo 60, angalau 30 zinafaa kufungwa. Mwaka huohuo Afrika Kusini nayo ilifunga kadhaa. Ndege zipo, simu za video zipo. Balozi akae nyumbani, akiitwa na kazi asafiri.

Kwa kazi ya balozi, nakubali. Kupeleka ujumbe wa serikali kwa serikali, kutia saini mkataba wa biashara, kumwandalia Rais ziara: nyingi ya kazi hizi zinaweza kufanywa na mtu mwenye mkoba na tiketi. Tatizo ni kwamba chini ya paa lilelile kuna kazi nyingine, ya konseli, ambayo haina karamu wala picha gazetini. Dunia yenyewe iliona kwamba ni kazi mbili tofauti, ikaziandikia mikataba miwili mjini Vienna: wa uhusiano wa kidiplomasia mwaka 1961, na wa uhusiano wa kikonseli mwaka 1963. Huu wa pili ndio unaotaja pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, mirathi ya aliyefia ugenini, na haki ya afisa wa ubalozi kumtembelea raia wake aliyeko rumande. Kumtembelea maana yake ni kwenda. Afisa afike mlangoni, aonyeshe kitambulisho, aseme: huyu ni mtu wetu, nimekuja kumwona. Hilo halifanyiki kwa simu ya video.

Ndiyo maana nasema wanaotetea balozi wanaeleweka vibaya. Wanadhaniwa wanatetea bendera na karamu.

Chukua Lebanon. Vita vilipopamba moto kule mwaka 2024, Kenya haikuwa na ubalozi Beirut. Wakenya wa Lebanon walihesabiwa chini ya ubalozi ulioko Kuwait, zaidi ya kilomita 1,000 kwa ndege, na katikati kuna Iraq na Syria. Beirut kulikuwa na konseli wa heshima tu. Konseli wa heshima si mtumishi wa serikali. Kwa kawaida ni mtu wa huko, mwenye biashara yake, anayeiwakilisha nchi pembeni ya shughuli zake. Sheria inaruhusu, na kwa nchi ambako Wakenya ni wachache, wengi wao wanafunzi na wafanyabiashara, anatosha kabisa. Lebanon haikuwa nchi ya namna hiyo. Oktoba 2024 Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi, alitangaza kwamba Wakenya takriban 26,000 walikuwa wakiishi huko. Wengi wao ni wanawake wanaofanya kazi za nyumbani chini ya kafala, ule mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini, hata akitaka kubadili kazi au kuondoka ni lazima apate ridhaa yake.

Sasa iangalie namba ya pili iliyotolewa wakati huohuo. Mabomu yakianguka, serikali iliwataka Wakenya wa Lebanon wajiandikishe ili waondolewe. Waliojiandikisha walikuwa karibu 1,500.

Namba hii haijanitoka akilini. Katika 26,000, ni 1,500. Nilisikia watu wakiieleza kwa wepesi: hawakutaka kurudi, kule wanapata pesa, nyumbani hakuna kazi. Kwa baadhi yao huenda ni kweli, na mtu mzima ana haki ya kuchagua hatari anayoweza kuibeba. Lakini jiweke mahali pa msichana wa miaka 24 aliye ghorofani katika kitongoji cha Beirut. Pasipoti iko kwa mwajiri. Simu labda anayo, labda hupewa usiku tu. Siku ya kutoka hana. Habari ya kujiandikisha ilitolewa kwa Kiingereza kwenye mitandao ambayo huenda haoni. Akijiandikisha, jina linakwenda Kuwait, kwa watu asiowajua. Akimtoroka mwajiri, kibali chake kinakufa siku hiyohiyo, na uwanja wa ndege anaweza kudaiwa faini ya kukaa bila kibali. Je, aliyejiandikisha analipiwa hiyo faini? Nani wa kumuuliza? Kwa mtu huyu kujaza fomu ni kuruka shimo gizani, na haya ni mambo ambayo konseli mwenye ofisi mjini, mwenye simu inayopokelewa na mtu anayesema Kiswahili, angeyajibu kwa dakika tano. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tuliziona hizo 24,500 zilizobaki tukaziita hiari.

Tena tulikuwa tumeonywa. Agosti 2020, siku chache baada ya bandari ya Beirut kulipuka, wanawake wa Kenya walikita kambi nje ya ofisi ya konseli wa heshima na kulala barabarani siku kadhaa, wakidai kurudishwa nyumbani. Picha zao na mifuko yao ziliuzunguka ulimwengu. Miaka minne baadaye vita viliwakuta Wakenya wa huko chini ya mpango uleule.

Wakati huo nilikuwa na jirani huku Likoni ambaye bintiye alikuwa miongoni mwa waliokwama, akiwa ameikimbia nyumba ya mwajiri. Alikuja kwangu jioni na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. "Mwanangu, hebu nipigie hii namba, wewe unajua kusema nao." Tukapiga. Ikaita, ikapokelewa kwa Kiarabu, ikakatwa. Tukapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Tukapata namba ya Kuwait, na huko afisa alikuwa mwungwana kweli, alisikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo yule mama alinitaka nimrudie mara mbili: "Mwambie aje ofisini na picha mbili." Ofisini wapi, mama akauliza. Kuwait? Sikuwa na la kumjibu. Afisa yule simlaumu, alikuwa anasoma utaratibu ulioandikwa kwa ajili ya mtu aliye mjini kwake. Kosa ni la ramani.

Wapinzani wana jibu, na ni jibu zito kuliko linavyopewa nafasi. Ethiopia ilikuwa na ofisi ya konseli Beirut. Juni 2020, uchumi wa Lebanon ulipoporomoka, waajiri walikuwa wakiwaleta wafanyakazi wa Kiethiopia kwa gari na kuwashusha nje ya ofisi hiyohiyo, na mabegi yao, bila mishahara. Kwa hiyo wenzetu walikuwa na mlango, na watu wao walilala nje ya mlango. Riyadh nako Kenya ina ubalozi wa siku nyingi, na bado mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliripoti kwamba Wakenya 89, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, walikuwa wamefia Saudi Arabia katika muda wa takriban miaka miwili, vifo vingi vikiandikwa kuwa ni moyo kusimama. Vijana wale, mioyo yote hiyo isimame? Wizara yenyewe ilitilia shaka, na Katibu wake wakati huo alitaka upelekaji wa wafanyakazi usitishwe kwa muda.

Nalikubali fundisho hilo, ila si kwa namna wanavyolitumia. Linatufundisha kwamba ofisi bila watu, bila bajeti ya tiketi, wakili na chumba cha kulala aliyekimbia, ni kuta tu. Halitufundishi kwamba ofisi haina kazi. Wale wanawake wa Ethiopia walishushwa pale kwa sababu pale palijulikana, na kwa hiyo walihesabika: kamera ziliwaona, mashirika yakawafikia, wakatafutiwa pa kulala. Wa kwetu wengi walikuwa ndani ya nyumba za watu.

Kuna wanaosema dawa ni huduma za konseli za kuzunguka, ambapo maafisa hufunga safari kwenda mji fulani kwa siku mbili tatu kuandika pasipoti na vyeti. Ni huduma nzuri, na aliyesubiri pasipoti mwaka mzima hataidharau. Lakini hufanywa kwa ratiba. Mwajiri hampigi mtu kwa ratiba. Na mfanyakazi asiye na siku ya mapumziko hawezi kujua kwamba maafisa wako hotelini Jumamosi na Jumapili, sembuse kuwafikia.

Turudi kwenye pesa, maana ndiko hoja ilikoanzia. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95 kwa hesabu ya Benki Kuu, kutoka bilioni 4.19 mwaka uliotangulia. Fedha hizo zinaishinda chai katika kuleta fedha za kigeni. Marekani ndiyo inayoongoza, na Saudi Arabia imepanda hadi kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa, sambamba na Uingereza yenye madaktari na wauguzi wetu. Yaani yaya anayelala jikoni Jeddah yumo katika nguzo za shilingi. Tukimwita shujaa wa uchumi siku ya kupokea pesa yake, basi siku ya kumhudumia tusimwite gharama. Katika uchaguzi wa 2022 tume ya IEBC ilipeleka vituo vya kura katika nchi 12 za nje, na wengi waliovitumia walipigia kura kwenye balozi. Qatar na Falme za Kiarabu zilikuwemo, Saudi Arabia haikuwemo. Hata sauti yake hatukwenda kuichukua.

Na anayedhani kupunguza ni akiba ya hakika, aitazame Nigeria. Septemba 2023 Rais Bola Tinubu aliwaita nyumbani karibu mabalozi wote, na balozi na konseli za nchi hiyo, jumla 109, zikakaa zaidi ya miaka miwili bila mabalozi. Majengo yaliendelea kukaliwa, wafanyakazi wa ndani kulipwa, na viti vya juu vikabaki kwa makaimu. Tukifunga au kulegeza bila kupanga, hesabu inakuja palepale, ila bila huduma.

Mimi ningepunguza, na ningeanzia Ulaya. Kuna miji ambako wanadiplomasia wetu wanapishana kwenye korido moja na Wakenya wa huko wana vibali, mawakili na vyama vya diaspora vyenye nguvu. Nchi tano za Nordiki zina eneo moja la balozi zao mjini Berlin tangu 1999, na hakuna aliyezidharau kwa hilo. Kenya, Uganda na Tanzania tungeweza kuanza na jengo moja katika mji mmoja, tuone. Vyeo vya siasa navyo vipungue: anayekwenda Ghuba awe na Kiarabu au awe na msaidizi mwenye nacho, na awe amewahi kuingia kituo cha polisi kumtoa mtu.

Kisha pesa zilizookolewa ziende Beirut na kwingine kama huko. Kasri si lazima. Ghorofa mbili za kupanga, maafisa wanne, wakili wa huko wa kulipwa kwa mwezi, vyumba vya vitanda kumi na viwili, mashine ya kuchukua alama za vidole, na simu moja ambayo haizimwi, inayopokelewa kwa Kiswahili usiku na mchana.

Binti wa jirani yangu alirudi mwishowe, kwa nauli waliyochangiwa na wanawake wenzake wa Kenya walioko hukohuko Beirut. Mamake anaitunza ile hati ya dharura aliyosafiria, kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni. Imegongwa muhuri wa Kuwait, mji ambao binti huyo hajaukanyaga.