Rozari kwenye pipa la taka: Tom Kiefer alikosea?

Tom Kiefer alikuwa mfanya usafi kwenye kituo cha doria ya mpaka wa Marekani pale Ajo, jimbo la Arizona, kuanzia 2003 mpaka 2014. Wahamiaji waliokamatwa jangwani wakitokea Mexico walikuwa wanaletwa pale, na vitu ambavyo askari wanaona si vya lazima au vinaweza kudhuru vinatupwa. Jamaa aliomba aokote vyakula vya makopo apeleke kwa wenye shida, akaruhusiwa, na ndo katika kuchambua hizo taka akakuta Biblia, rozari, miswaki, vitana, pochi. Akaanza kuvibeba kimya kimya, akaja kuvipiga picha, mradi akauita El Sueño Americano, yaani ndoto ya Marekani.

Wanaompinga wana hoja. Vitu si vyake, na hakuna mwenye mswaki aliyeulizwa kama anataka uonyeshwe kwenye makumbusho Los Angeles kama ilivyokuwa 2019. Halafu picha zenyewe ni nzuri mno, vitana vimepangwa vizuri na rangi zinawaka kama tangazo la duka, mtu anaweza kufurahia rangi akasahau kuna binadamu alikatiza jangwa na hicho kitana mfukoni. Hilo linanisumbua kweli.

Lakini jamani tuanzie kwenye pipa. Pale hakukuwa na mpango wa kumrudishia mwenyewe, mwenyewe kashapelekwa kwingine, ilikuwa ni picha au dampo basi. Na hapa ndo nashindwa kupita haraka. Kumvua mtu mkanda na kamba za viatu akiwa mahabusu naelewa, hata huku kwetu ukiingia lokapu unavua, ila vinatakiwa viandikwe kwenye kitabu na ukitoka usaini uchukue vyako. Kuchukua ni kitu kimoja, kutupa ni kingine kabisa. Rozari haijifikishi yenyewe kwenye pipa, kuna mkono uliitupa, na bila zile picha nani angeamini mfagiaji anayesema tu kwa mdomo?

Tena angalia, hakuna sura ya mtu. Picha za wahamiaji tulizozoea ni mama analia, mtoto kalala chini, sura yake inazunguka dunia nzima na yeye hana habari. Kiefer kaonyesha miswaki tu, rundo la miswaki, na mimi hiyo inanigusa kuliko sura yoyote, kwa sababu mtu anabeba mswaki akijua kesho asubuhi ataamka mahali, ataosha kinywa, atatoka kutafuta kazi.

Ninapowaunga mkono wapinzani ni kwenye vitu vyenye jina. Pochi yenye kitambulisho, Biblia iliyoandikwa jina la mtu kwa kalamu ukurasa wa mbele, hivyo mimi ningevipiga picha vikiwa vimefungwa.