Akaunti Ngapi Zinakutosha Kwenye Steam?

Wachezaji wa gemu za kompyuta wana ubishi usiokwisha: mtu awe na akaunti moja tu kwenye jukwaa analonunulia gemu zake, au afungue kadiri anavyohitaji? Wanaoshikilia akaunti moja husema ukianza kuzigawa gemu zako umeanza kuzipoteza. Wenzao hujibu kwamba si kila kitu kinafaa kukaa chini ya jina moja, hasa kama nyumbani kuna watoto, au kama gemu hizo hizo ndizo kazi yako. Nilikuwa upande huu wa pili kwa miaka mingi na bado naamini una hoja. Lakini kadiri nilivyoishi na akaunti zangu, ndivyo nilivyoona kwamba tunabishania idadi wakati swali lenyewe ni hili: akaunti hiyo ni ya nani?

Nitaitumia Steam, jukwaa la kampuni ya Valve lililoanza Septemba 2003, maana ndiko ubishi huu unakosikika sana. Steam haikatazi mtu kuwa na akaunti zaidi ya moja. Barua pepe moja yaweza kubeba akaunti kadhaa, namba ya simu vilevile, na programu yenyewe inakuwezesha kuhama kutoka akaunti hadi akaunti kwa kubofya jina tu. Kikwazo kiko kwingine. Gemu ikishasajiliwa kwenye akaunti, haihami. Huwezi kuitoa hapa ukaiweka pale, wala huwezi kuunganisha akaunti mbili zikawa moja, hata kama zote ni zako na ushahidi unao. Kwa mujibu wa mkataba, unachonunua ni leseni ya kuicheza gemu. Leseni hiyo imefungwa kwenye akaunti, na akaunti yenyewe hairuhusiwi kuuzwa wala kukabidhiwa mtu mwingine.

Hapo hoja ya akaunti moja inakuwa nzito, na nadhani wengi hawaipimi uzito wake mapema. Akaunti ya pili huzaliwa kwa sababu ndogo: nenosiri limesahaulika, mtu amechoka na jina lake la zamani, au kuna gemu moja ya bure anataka kuijaribu. Miaka mitano baadaye ile ya kujaribia ina gemu kumi na mbili. Saa za kuchezwa ziko huku, marafiki wako kule. Faili za maendeleo zilizohifadhiwa mtandaoni haziambatani na mtu, zinaambatana na akaunti. Yalinikuta kwenye jukwaa jingine: nilinunua nyongeza ya gemu niliyoipenda kuliko zote, nikasubiri ipakuliwe, kisha nikagundua kwamba nimeingia kwa akaunti ambayo gemu yenyewe haimo. Nyongeza bila gemu yake haifunguki. Kosa lilikuwa langu, lakini lilikuwa kosa ambalo mwenye akaunti moja hawezi kulifanya.

Kuna pia suala la ulinzi. Kila akaunti inadai nenosiri lake, uthibitishaji wake wa hatua mbili na barua pepe iliyo hai. Programu ya simu ya Steam siku hizi inaweza kulinda akaunti zaidi ya moja kwenye simu moja, kwa hiyo kisingizio cha zamani, kwamba simu moja hulinda akaunti moja tu, kimeondoka. Hata hivyo akaunti usiyoifungua mara kwa mara huna namna ya kujua kama imeingiliwa. Mwizi akiipata haichezei, anaitumia kuwatumia marafiki zako viungo vya utapeli kwa jina wanaloliamini. Mtu mwenye akaunti nne na nenosiri moja kwa zote hana akaunti nne. Ana milango minne inayofunguka kwa ufunguo mmoja.

Sasa niigeukie hoja ya akaunti nyingi, na nianze na ile iliyo imara kuliko zote, yaani familia. Mtoto wa miaka tisa hapaswi kucheza kwenye akaunti ya mzazi wake. Ataona gemu zisizomfaa, atakutana na wageni kwenye gumzo, na kitufe cha kununua kiko wazi mbele yake. Zaidi ya hapo, maendeleo yake katika gemu ni yake, naye ana haki ya kuyakuta yalivyokuwa jana bila mzazi kuyafuta kwa kucheza kwake. Tatizo la zamani lilikuwa kwamba mpango wa kwanza wa Steam wa kuazimana gemu ulifunga maktaba yote, yaani gemu zote za akaunti: mmoja akicheza gemu yoyote, mwingine hawezi kugusa hata gemu tofauti ndani ya maktaba hiyo. Wapo waliofikia hatua ya kufungua akaunti mpya kwa kila gemu wanayonunua ili watu wawili wa nyumba moja wacheze kwa wakati mmoja. Mimi siwalaumu. Kanuni ilikuwa imewabana.

Mwaka 2024 kanuni hiyo ilibadilika. Mfumo mpya wa familia wa Steam, uliotoka rasmi Septemba mwaka huo, unaruhusu watu hadi 6 wa kaya moja kuunganisha maktaba zao. Kila mmoja anabaki na akaunti yake, faili zake na mafanikio yake, na wanaweza kucheza gemu tofauti za maktaba ileile kwa wakati mmoja. Kinachozuiwa ni watu wawili kucheza nakala moja kwa pamoja. Mzazi anaweza kuchagua gemu za mtoto, kumwekea muda wa kucheza, na kupokea ombi la kununua akaliidhinisha au kulikataa. Kwa maoni yangu hili liliondoa sababu nyingi za kutawanya gemu, na likaacha sababu moja iliyo halali kabisa: kila mtu na akaunti yake.

Lakini lina masharti yanayouma. Si gemu zote zinazoshirikishwa, kwa kuwa watengenezaji wanaweza kukataa, na zile zinazodai akaunti ya kampuni nyingine hubaki nje. Halafu kuna adhabu. Mwanafamilia akifungiwa kwa kudanganya katika gemu akitumia nakala yako, wewe mwenye nakala unafungiwa pia katika gemu hiyo. Nimesikia wengi wakilalamika kwamba huu ni uonevu. Nauelewa uchungu wao, maana kaka mkubwa anaweza kupoteza gemu aliyoichezea kwa miaka kwa utundu wa mdogo wake wa jioni moja. Ila bila sharti hilo kila mdanganyifu angejitengenezea ndugu wa bandia watano, akawa anadanganya kupitia kwao huku akaunti yenye gemu ikibaki safi. Kwa hiyo nakubaliana na sharti, na ningemshauri mzazi amweleze mtoto jambo hilo kabla hajamwongeza kwenye familia.

Hilo linatupeleka kwenye akaunti ya kujificha, ambayo wachezaji huiita smurf, jina lililotokana na wachezaji hodari wa gemu ya Warcraft II katika miaka ya 1990. Mtu wa daraja la juu hufungua akaunti mpya ili apangwe na wanaoanza. Wanaoitetea wana maelezo mawili yanayostahili kusikilizwa: wanataka kucheza na rafiki asiye na uzoefu bila kumburuta kwenye mechi ngumu, na wanataka kujifunza nafasi mpya bila kuharibu daraja walilolihangaikia. Nayaona ni matamanio ya kawaida. Lakini mechi ina watu wengine ambao hawakuulizwa. Aliyekaa foleni akitarajia kupangwa na wa kiwango chake anakutana na mtu anayemzidi mbali, anafungwa vibaya, na hajui kwa nini. Starehe ya mmoja imelipiwa na wengine. Septemba 2023 Valve ilitangaza kuzifungia akaunti 90,000 za namna hiyo katika gemu yake ya Dota 2, ikasema kila moja imeunganishwa na akaunti kuu ya mwenyewe, na kwamba kuanzia hapo akaunti kuu nayo inaweza kuadhibiwa. Anayedhani akaunti mbili humfanya awe watu wawili machoni pa jukwaa afikirie tena. Hata marufuku ya mfumo wao wa kukamata wadanganyifu hugusa akaunti zote zilizokuwa zinatumia namba moja ya simu wakati kosa lilipotendeka.

Akaunti za kutafutia bei nafuu za nchi nyingine sitazijadili kwa kirefu. Zinavunja mkataba, na akaunti inayovunja mkataba inaweza kufungwa na kila kitu kilichomo.

Katikati wapo watu ambao akaunti ya pili inawafaa kweli. Anayerusha gemu moja kwa moja mbele ya watazamaji ana sababu nzuri ya kuwatenga marafiki zake wa karibu na umati. Mtengenezaji wa gemu ana sababu ya kuijaribu kazi yake kwa macho ya mgeni. Hawa nao wajue kwamba akaunti mpya huanza ikiwa na mipaka: mpaka itumie angalau dola 5 za Marekani dukani, haiwezi kutuma maombi ya urafiki, miongoni mwa mambo mengine. Mpaka huo uliwekwa dhidi ya wasumbufu, na mtu mwema anaulipia pamoja nao.

Na kama gemu zako tayari zimetawanyika kwenye akaunti mbili, iko njia inayopatikana ndani ya mfumo wenyewe. Chagua moja iwe kuu, ile yenye saa nyingi na marafiki wengi. Nyingine iingize kwenye familia yako kama mwanafamilia, kisha usinunue tena kitu chochote ndani yake. Gemu zake zinazokubali kushirikishwa zitaonekana kwenye akaunti kuu, ingawa faili za zamani zitabaki zilikokuwa. Iwekee uthibitishaji wa hatua mbili kabla ya kuisahau. Fanya hesabu kwanza, lakini: akaunti hiyo inakula nafasi 1 kati ya 6, na ukiitoa, nafasi hiyo haipokei mtu mwingine mpaka mwaka utimie tangu ilipoingia. Kama nyumbani kuna mdogo wako anayesubiri kuongezwa, mpe yeye nafasi hiyo.