SSD sawa, betri hapana: hesabu ya laptop iliyochoka

Kaka yangu wa Kondoa ameuza alizeti, na kabla pesa haijaota miguu akanipigia: “Dada, ile laptop ya binti niitengeneze au ninunue nyingine?” Binti ni mwanawe, yuko mwaka wa mwisho pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), anaandika utafiti wake. Mimi nina stationery ndogo mjini Dodoma, kwa hiyo kwenye ukoo ndiye ninayehesabiwa kuwa mtaalamu wa kompyuta.

Mashine yenyewe ni HP EliteBook 840 G3, iliyonunuliwa mtumba. Aina hiyo ilitoka 2016, ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya kizazi cha sita, na hii ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na “hadi diski” (hard disk) ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani. Binti aliiwasha dukani kwangu, akaenda kununua maandazi, akarudi, bado kiduara kinazunguka. Ilipofunguka nikaangalia sehemu inayoonyesha nani anakula nguvu za mashine. Prosesa ilikuwa imetulia chini ya asilimia 10. Diski: asilimia 100, haishuki.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la kaka limekaa vibaya. Mashine haikuwa imechoka yote, ilikuwa na kiungo kimoja kilichochoka. Hadi diski ina mkono mdogo unaokimbia huku na huko kutafuta mafaili, na Windows ikiwaka inaomba mafaili madogo maelfu, yaliyotawanyika. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka. Hata ile ya kawaida, iitwayo SATA, husoma kama MB 500 kwa sekunde, wakati hadi diski ya laptop huhangaika kufika 100, na kwenye mafaili madogo ndiyo inaachwa mbali kabisa. Mwenye mashine kama hii akihangaikia prosesa kubwa zaidi, akitafuta “i7”, anapoteza pesa.

Tukaifungua pia kava ya chini. Kati ya feni na mapezi ya kutolea joto palikuwa na vumbi lililogandamana kama kipande cha blanketi, jekundu-jekundu, vumbi letu lile la kiangazi linalopita hata dirisha likiwa limefungwa. Prosesa ikipata joto sana hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kulitoa kulihitaji bisibisi, brashi ya rangi na dakika 20. Wengi wanaokwenda kununua kompyuta mpya wangeanzia hapa.

Sasa upande wa kununua, na una hoja nzito kuliko mafundi wanavyokubali. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani walipewa nafasi ya kujiandikisha wapate masasisho ya usalama mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na hii ni ya sita. Fundi atakwambia “napiga Windows 11 hapa hapa, inakubali,” na kweli inakubali, ila Microsoft haikuahidi kwamba masasisho yataendelea kuja kwenye mashine hiyo. Linux, mfumo mwingine wa kuweka badala ya Windows, ipo na ni bure, lakini msimamizi wa utafiti wa binti anarudisha kazi kwenye Word ikiwa na maoni pembeni, na sitaki jedwali la sura ya nne lihame wiki ya kukabidhi.

Halafu kuna ugonjwa wa kidogo kidogo. Leo SSD, mwezi ujao RAM, kisha betri, kisha bawaba ya kioo inavunjika. Nilitajiwa 90,000 kwa SSD ya GB 256 pamoja na ufundi, na 600,000 kwa 840 G5 ya mtumba yenye kizazi cha nane. Ukijumlisha vyote hivyo kwenye ile ya zamani unaikaribia ile nyingine bila kuipata. Ingawa na hiyo 840 G5 ni mtumba vilevile. Betri yake hujui imepitia nini.

Mimi nimegawanya hivi. SSD inunuliwe, kwa sababu unaondoka nayo: mashine ikifa, unaihamishia nyingine yenye nafasi ya diski ya aina hiyo, au unaitilia kava ya USB ukaitumia kama diski ya kubebea. RAM isubiri. Hii ina nafasi mbili za RAM ya aina ya DDR4, kwa hiyo kuongeza ni rahisi (RAM za DDR3, aina iliyotangulia, haziingiliani nayo, hata ule mkato wa chini hauko mahali pamoja, na laptop nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi), lakini bei imepanda tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikikimbilia vituo vya data vya akili mnemba. Betri hapana. Inakaa dakika 40, umeme ukikatika anawahi kuhifadhi kazi.

Lakini laptop yangu ya dukani, ya umri huohuo, niliacha kuitumia ingawa ilikuwa na SSD tayari. Inapokea flashi za kila mtu, vyeti na namba za NIDA za wateja, na mfumo usiotunzwa mahali kama pale ni kuacha mlango wazi usiku. Binti anaandika sura tano na kutuma barua pepe. Hatari yake si sawa na yangu.

Kaka ametuma 90,000 na ya kutolea. Sasa inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Ile hadi diski ya zamani nimeifunga kwenye bahasha, nimeandika jina la binti, iko kwenye droo yangu. Haifutwi mpaka utafiti upite.