Maji ya matumbawe hayabadilishwi kwa pupa

Masika iliyopita nilikwenda Pemba harusini, nikakaa wiki tatu. Tangi langu la lita 200, lenye samaki wanne na matumbawe mawili, nilimwachia mdogo wangu, naye kwa mapenzi yake akawalisha samaki asubuhi na jioni. Niliporudi nikapima naitreti, taka inayobaki majini kutokana na chakula na kinyesi: miligramu 40 kwa lita. Nikachukua madumu, nikateremka pwani, nikabadilisha nusu ya maji usiku uleule.

Asubuhi tumbawe laini, ambalo kila siku hunyoosha vidole vyake taa ikiwaka, lilikuwa limejikunja kama ngumi, linatoa ute. Lile gumu likabaki jiwe jeupe baada ya siku nne.

Naitreti haikuwa mwuaji. Nilikuwa nimeteka karibu na mdomo wa kijito, mvua imetoka kunyesha. Kipimo cha chumvi, nilipokitoa kabatini baada ya msiba, kilisoma gramu 28 kwa lita kwenye dumu lililobaki. Tangi lilikuwa kwenye 35. Kwa saa moja tu nilikuwa nimewashushia viumbe wale chumvi hadi kwenye 31 na nusu. Samaki huenda akavumilia. Tumbawe halina pa kukimbilia.

Ndiyo maana nashikilia hili, na najua wenzangu kadhaa hapa Unguja hawakubaliani nami: badilisha asilimia 10 kila wiki, siku ileile, na usipitishe. Wao wanasema bahari iko mlangoni, maji ni ya bure, kwa nini mtu ahesabu lita? Kwa sababu ubure huo ndio unaotuponza. Anayenunua chumvi ya pakiti hupima kila gramu; sisi tunateka tu.

Lakini asilimia 10 ina mpaka wake, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Tuseme chakula na kinyesi vinaongeza naitreti 2 kila wiki. Ukitoa asilimia 10, tangi litatulia kwenye 18 kila umalizapo kubadilisha, na halitashuka zaidi hata ubadilishe miaka. Amonia, sumu inayotoka kwanza kwenye taka hizo, bakteria wanaigeuza, naitreti ndiyo inayobaki. Ukitaka 9, punguza chakula kwa nusu. Kwangu siku hizi ni mara moja kwa siku, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika mbili, na kijana wangu ameshazoea kuambiwa "basi, funga kopo".

Kuna jambo jingine linachanganywa sana, la maji yanayopungua. Wakati wa kaskazi, joto likipanda, tangi langu hupoteza karibu lita mbili kwa siku. Yanayoondoka ni maji, chumvi inabaki. Ukijazia kwa maji ya bahari unazidisha chumvi siku hadi siku. Jazia maji yasiyo na chumvi wala klorini. Maji ya kiyoyozi siyataki kabisa, kwa kuwa yanaweza kubeba shaba kutoka kwenye mabomba, na shaba huua konokono na kamba.

Kuteka nako kuna wakati wake. Nenda bamvua, maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mito, na ikiwezekana mwombe mvuvi akutekee nje ya mwamba. Baada ya mvua kubwa ngoja siku kadhaa. Chuja kwa kitambaa, yaache dumuni usiku kucha na pampu ndogo ikizungusha, pima chumvi, kisha ndiyo utie, polepole.

Pale Mnarani, Nungwi, kasa wamo katika bwawa la asili ambalo bahari yenyewe hulijaza na kulipwesha. Sebuleni kwangu hakuna anayelifanya hilo isipokuwa mimi na dumu la lita 20. Leo ni Ijumaa. Nimepima: 35 tangini, 35 dumuni. Vidole vya tumbawe vimenyooka vyote, na nilipomimina havikurudi ndani.