Wakili wa Meza

Kwenye baraza za kahawa za Mji Mkongwe, Zanzibar, vijana wetu wa sheria wamepata jina, mawakili wa meza, na lawama kwamba wanachoma fedha. Ni wale waliokodi chumba, wengine meza tu, ndani ya nyumba moja ya ghorofa upande wa Vuga. Wanalipa kwa mwezi, na humo humo mna umeme, genereta, intaneti, mtu wa kupokea wageni, ukumbi mdogo wa kikao na mtu wa usafi. "Sisi tulikuwa na mlango wetu na kibao chetu," aliniambia mzee mmoja aliyevaa joho kabla hawa hawajazaliwa. "Mteja akikuuliza ofisi iko wapi, humwambii panda ghorofa ya pili umuulize binti wa mapokezi."

Mzee ana haki ya kusema. Kibao mlangoni kilikuwa nusu ya jina la wakili. Lakini mlango wake aliupata enzi nyingine, na leo anampimia kijana kwa pishi ya zamani.

Tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini aliyewahi kutafuta ofisi mjini hatozishangaa sana. Chumba kitupu tukiweke shilingi 400,000 kwa mwezi, na mwenyewe anataka mwaka mzima mbele: 4,800,000. Kilemba cha kumtoa mpangaji aliyepo, 2,000,000. Waya, choo, bawaba za dirisha na chokaa ukutani, 1,500,000. Hapo umeshatoa 8,300,000 na mteja wa kwanza hajabisha hodi. Ongeza mtu wa mapokezi kwa 350,000 kwa mwezi, na umeme na intaneti 100,000. Mwaka wa kwanza unafungwa kwa 13,700,000. Mwaka wa pili, bila kilemba wala ukarabati, 10,200,000.

Ofisi yenye huduma tuiweke 1,000,000 kwa mwezi, ghali kwa kila anayeisikia. Unaingia na milioni 2, kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja ambayo utarejeshewa. Mwaka ni milioni 12.

Sasa jumlisha miaka miwili. Chumba kitupu, 23,900,000. Chumba chenye huduma, 24,000,000. Tofauti ni laki moja, ndani ya miezi 24. Kelele zote za barazani kuhusu vijana wanaochoma fedha zinasimama juu ya laki moja.

Mzee atanishika mwaka wa tatu, na hapo ananishika kweli. Kuanzia hapo mwenye chumba chake anaokoa 1,800,000 kila mwaka, na mwenzake anaendelea kulipa vile vile. Anayejua atakuwepo Vuga miaka kumi, asikodi meza. Lakini kijana aliyeapishwa juzi anajuaje kama atakuwepo? Kwake jibu liko katika tofauti ya siku ya kuingia: 8,300,000 kwa chumba kitupu, 2,000,000 kwa chenye huduma, yaani 6,300,000. Asipokuwa nayo ataikopa, na wakili mwenye deni huchukua kesi ambayo angepaswa kuikataa. Sijaona anayelitia hili katika hesabu zake.

Wapo wanaouliza: kwani Vuga ina nini tena, na Mahakama Kuu imeshahamia Tunguu, nje ya mji? Ni kweli, jengo lake la Vuga la mwaka 1908, kazi ya msanifu J. H. Sinclair, na matao yake si tena kitovu cha kesi kubwa. Lakini mteja hakuhama na mahakama. Mtu wa mirathi anayetoka Pemba anateremka bandarini Malindi na bahasha yake kwapani, ana shughuli benki, ana nduguye Mkunazini, na anataka kurudi na boti ya kesho. Huyo humwambii apande daladala hadi Tunguu kwenda kutia saini hati ya wakala. Tena wakili mwenyewe, ambaye siku tatu katika wiki yuko mahakamani Tunguu au Mwanakwerekwe, anahitaji mjini mtu wa kupokea barua kuliko anavyohitaji vyumba viwili vyenye kufuli.

Nyumba zenyewe nazo zina lao la kusema. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kutamba, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana wa kiasi cha mita tatu. (Meza moja, viti viwili, na aibu kidogo mteja akija na shangazi zake wote.) Nyumba ya namna hii inakufa kwa maji. Bomba la juu likivuja, au mtu akiziba ukuta kwa saruji unyevu ukakosa pa kutokea, chokaa inalainika na kichwa cha boriti kinaoza ndani ya ukuta bila mtu kuona. Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Lile lilikuwa jumba la serikali, linalojulikana dunia nzima. Nyumba ya wapangaji wanane, kila mmoja na kufuli lake, kila mmoja na tangi lake la maji na kipoza hewa alichokitobolea ukuta bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, nani anaangalia paa lake? Wa chini anasema paa si langu. Wa juu anasema nyumba si yangu. Mwenye nyumba yuko Muscat, au ni warithi kumi na saba wasiosalimiana.

Mwendeshaji mmoja wa ofisi zenye huduma aliyechukua nyumba nzima ana sababu ya kupanda juu masika yakikaribia, maana paa likivuja wapangaji wote wanaondoka mwezi huo huo. Ana tangi moja na genereta moja. Waliokuwa mjini kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, miezi mitatu bila umeme wa gridi, wanakumbuka kila mlango ulivyokuwa na genereta yake ikinguruma kichochoroni, na moshi ukipanda kwa jirani. Na nyumba isiyokuwa ofisi leo, tuseme ukweli, haitarudi kuwa ya familia, itakuwa hoteli. Kati ya wakili na kitanda cha mtalii, mimi namtaka wakili. Angalau ngazi zitapandwa na watu wenye shida zao za hapa hapa.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo wapinzani wakilisema nyamaza uwasikilize. Siri. Niliwahi kukaa katika ofisi moja ya aina hii nikisubiri zamu ya kikao. Ukuta uliogawa chumba ulikuwa ubao wa jipsamu, na kwa robo saa nilisikia talaka ya mtu nisiyemjua, mahari, vyombo na jina la mama mkwe. Katika mji huu, jina la mama mkwe linatosha kujua mtaa. Printa ni moja kwa wote, na karatasi iliyosahauliwa juu yake inasomwa na anayefuata. Ufunguo wa usiku anao mtu ambaye wakili hakumwajiri. Mpangaji akichelewa kodi, mlango hufungwa na majalada ya wateja yakiwa ndani, ilhali mteja hana deni na mtu.

Haya hayatibiwi na genereta, yanatibiwa na mkataba. Kijana anayesaini leo adai kabati lake la chuma lenye ufunguo mmoja tu, kifungu kinachosema majalada hayazuiliwi kwa deni lolote, na chumba cha mazungumzo chenye ukuta wa nyumba, ule mnene wa mawe, si wa ubao. Mwendeshaji anayekataa hayo matatu anauza kiti tu, si ofisi. Na kabati lenyewe liwekwe ukutani, si katikati ya chumba. Boriti zile zilihesabiwa kubeba watu na mikeka, hazikuhesabiwa majalada ya mirathi ya miaka ishirini.