Mjumbe Alipokuja Kunitetea

Mtaani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, mke wangu anajulikana kwamba anampiga mumewe. Hajawahi kunigusa hata kwa mpini wa ufagio. Anayening'ata ni kasuku wa kaka yake.

Shemeji alikwenda masomoni akatuachia kinda la kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, lenye kibali chenye mihuri mingi kuliko cheti changu cha ndoa. (Tangu mataifa yakubaliane mwaka 2016 kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini, ndege wa aina hii hatembei bila karatasi, hata kama katotolewa kwa mfugaji.) Jina lake Spika. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, jambo ambalo shemeji alilitaja akiwa tayari ndani ya basi.

Mwanzoni alidonoadonoa tu: kifungo cha shati, waya wa chaji, ukucha. Jioni moja, kakaa begani kwangu natazama taarifa ya habari, akaliona sikio. Akaanza kwa kuligusagusa na ule ulimi wake mnene, mkavu, nikasema moyoni, mtoto ana mapenzi huyu. Halafu akafunga mdomo. Mdomo wenyewe ndio ule unaopasua karanga na ganda lake.

"Uwiii! Nakufa mimi, mama yangu!"

Spika akaniachia, akainamisha kichwa upande, akanitazama kama mtu aliyebonyeza kitufe akasikia muziki. Kesho yake akabonyeza tena, safari hii kidoleni.

Daktari wa mifugo niliyemwendea alicheka kwanza, ndipo akanieleza. Kasuku mdomo ndio mkono wake. Kabla hajapanda tawi hulishika kwa mdomo apime kama litambeba, na kidole changu kwake ni tawi. Nikikiondoa ghafla, anaona tawi linamponyoka, anabana zaidi. Kinda bado hajui nguvu zake, kwa hiyo asipigwe wala asigongwe mdomo, na begani asikae. Nitazame macho: mboni zikianza kupanuka na kusinyaa harakaharaka, na manyoya ya shingo yakasimama, mkono ukae mbali. Akibana, nimteremshe polepole, nimpe mgongo kidogo, kisha nimpe kitu chake cha kutafuna. "Lakini kubwa zaidi," akasema, "usipige kelele. Kelele zako ndizo burudani yake."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na masikio mawili mazima.

Tukaanza mafunzo. Magunzi ya mahindi, maboksi, vijiti. Akitulia kidoleni anapewa zabibu, na kwetu zabibu msimu wake ukifika si anasa. Kung'ata kukapungua kweli. Ila ile kelele alikuwa ameshaihifadhi, tena kwa sauti yangu mwenyewe, na kila magharibi, upepo ukishatulia na mtaa mzima unasikia, anaiachia: "Uwiii! Nakufa mimi, mama yangu!" Inafuatiwa na kicheko cha mke wangu. Nacho alikuwa amekihifadhi.

Ndipo mjumbe akabisha hodi, na wazee wawili nyuma yake.

"Bwana mdogo," akaanza baada ya salamu, "usione haya. Siku hizi hata wanaume wanapigwa, na sheria ipo." Akatazama plasta vidoleni mwangu. Akatazama sikio. Akamgeukia mke wangu: "Binti yangu, hasira hasara."

Mke wangu alikuwa amebeba chai, na vile alivyojibana asicheke vikamfanya aonekane katili kabisa.

Nikasema ni kasuku. Wazee wakatazamana kwa huruma. Nikaliendea tundu nikamtoa: Spika, sema! Spika, ambaye hajawahi kukosa magharibi hata moja, akachokonoa manyoya ya bawa, kimya.

"Ndege mpole kama huyu umsingizie?" Mjumbe akanyoosha kidole.

Nikamwambia, mzee, ukishakinyoosha usikivute. Spika akakishika taratibu, apime tawi. Mjumbe akakivuta.

Alichosema siwezi kukiandika. Kilikuwa kwa Kigogo na mama yake alitajwa. Birika likapinduka, chai ikaishia kwenye kanzu ya mzee mmoja, na katikati ya vurugu ikasikika sauti yangu, mimi mdomo nimeufunga: "Uwiii! Nakufa mimi!" Kisha kicheko cha mke wangu, ambaye naye alikuwa ameuziba wake kwa kanga.

Kesi ikafutwa palepale.

Wiki hii Spika kaachana na wimbo wangu. Anapiga wa mjumbe, Kigogo kilekile, na kikohozi cha mzee juu yake. Juzi jirani wa nyuma kausikia, akampigia mjumbe simu haraka kumuuliza kama watu waje kumtoa kwetu. Mjumbe alikuwa Kibaigwa, msibani.